Oili Ivujayo katika Mashine Kuukuu ya Mashua

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya wakulima wakaao visiwani na kando ya maji, ambao njia yao ya kwenda sokoni ni ziwa, mto au bahari. Mkulima wa Ukerewe apelekaye machungwa yake Mwanza, na mwenzake wa Rufiji avushaye magunia ya mpunga kati ya mikoko, kila mmoja huitegemea mashine iliyopachikwa nyuma ya mashua kama mkulima wa bara aitegemeavyo gari. Nyingi katika mashine hizo si mpya. Zimenunuliwa kwa watu waliozitumia miaka kumi au ishirini, wala hazikuja na kitabu chake. Mashine ya namna hiyo yaweza kufanya kazi miaka mingi tena, ikiwa mwenyewe anajua kuzisoma dalili zake.

Dalili mojawapo isomwayo vibaya ni oili. Mtu huona utando wa rangi nyingi juu ya maji nyuma ya mashua yake, au huona tone jeusi limeangukia ubao wa nyuma. Mmoja husema, "Mashine kuukuu ndivyo zilivyo," akaacha. Mwingine hushikwa na hofu, akampa fundi fedha afungue injini yote, kumbe kilichoharibika ni washa ndogo ya bei ya mayai machache. Wote wawili wamepata hasara, lakini hasara ya yule wa kwanza ni kubwa zaidi, ila huchelewa kuja: gia husagika, mashine hukwama katikati ya maji upepo wa alasiri unapoanza, na nanasi zilizokwisha agizwa na mnunuzi huozea mashuani. Basi usifungue kitu kwanza. Ujue kwanza ni oili ya namna gani, na inatoka wapi.

OILI ZILIZOMO KATIKA MASHINE

Tusemapo oili hapa, maana yake ni mafuta mazito ya kulainisha vyuma. Petroli tutaiita kwa jina lake. Mashine nyingi kuukuu ni za mapigo mawili, na injini ya namna hiyo haina birika la oili chini yake kama injini ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli katika tangi, huingia pamoja nayo, hulainisha pistoni na beringi, kisha huungua. Isiyoungua hutoka pamoja na moshi.

Oili ya pili ni ile ya gia. Hii imefungiwa peke yake chini katika mguu wa mashine, mahali ambapo mhimili ushukao kutoka juu huugeuza mhimili wa rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi. Oili hii haina njia yoyote ya halali ya kutoka. Likitoka hata tone moja, ujue pana mlango uliofunguka, na mlango utoao oili huingiza maji.

Tena iko grisi, ipakwayo kwenye maungio ya usukani, kwenye bawaba ya kuinulia mashine, na juu ya mhimili wa rafadha. Jua la mchana huilainisha ikachuruzika, na watu wengi wameikimbiza grisi hii kama mwizi, bure.

Oili ya kwanza kutoka kidogo si ugonjwa. Injini ya kale ya mapigo mawili yenye kabureta huweza kutoa nje, bila kuungua, hata robo ya mchanganyiko iliouvuta, na hasa ikienda polepole. Ndiyo sababu maji huonyesha utando kila asubuhi iwashwapo. Kadhalika mashine ikiinuliwa au kulazwa, oili iliyotulia tumboni mwake hutiririka kwa njia ya moshi, nyeusi kwa masizi. Katika mashine ambazo moshi wake hutokea katikati ya rafadha, weusi huu huonekana hasa pale pale ambapo oili ya gia nayo hupenda kuvujia, na hapo ndipo watu wanapokosea. Ikiwa mashine yako hutoa matone machache meusi baada ya kuinuliwa, na oili yake ya gia haipungui wala haibadiliki, huna la kutibu.

KUITAMBUA KWA VIDOLE, PUA NA KARATASI

Chukua tone kwa kidole ulisugue. Oili ya gia ni nzito, hunata, nayo ina harufu kali kama ya kibiriti, kwa sababu ya dawa zenye salfa zinazotiwa ili meno ya gia yasisagane. Mara nyingi rangi yake ni ya asali, ingawa watengenezaji wengine huitia rangi ya buluu au kijani. Mchanganyiko wa petroli ni mwepesi, hunuka petroli au masizi.

Ukiwa bado una shaka, dondosha tone juu ya karatasi nyeupe, ukaliache kivulini. Tone lenye petroli hutambaa haraka likafanya duara pana; petroli hukauka, na pete ya oili hubaki katikati. Tone la oili ya gia hukaa pale pale, limetuna. Na ikiwa tone ni jeupe au la rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni oili ya gia iliyokwisha kuchanganyika na maji, nawe usiiwashe mashine hiyo tena mpaka umeisoma sehemu ihusuyo mguu wa mashine hapa chini.

KUTAFUTA PATOKAPO

Mashine chafu haisemi kweli. Itoe mashuani, uisimamishe wima juu ya kigingi chenye ubao imara, uioshe kwa brashi, sabuni na maji, huku ukiangalia maji yasiingie katika kabureta. Uikaushe kwa kitambaa, kisha uiache juani hata unyevu wote uishe. Ikisha kukauka, upake mguu wote wa mashine unga mkavu: chokaa ya ubaoni iliyosagwa yafaa, na unga wa muhogo wafaa vile vile. Upake hasa pande zote za rafadha, kwenye skrubu za oili, kwenye maungio ya vipande viwili vya mguu, na chini kwenye pezi. Tandika karatasi nyeupe chini yake, uiache usiku kucha.

Asubuhi utaona njia ya oili juu ya unga. Usitazame palipo na oili nyingi. Tazama mahali pa juu kabisa palipolowa, maana oili ya mashine iliyosimama hushuka, haipandi. Usiku wa pili, ikiwa haukuona kitu, iinamishe mashine vile uiinuavyo mashuani ufikapo pwani. Ziko sili zilizo juu ya usawa wa oili, ambazo hazivuji kamwe mashine ikiwa wima, lakini huvuja ikiinama. Wakulima wengi hutia nanga jioni, wakainua mashine, na asubuhi wakakuta oili ubaoni. Jibu lao ni hili.

MGUU WA MASHINE

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa hiyo twende polepole.

Mashine ifanyapo kazi, nyumba ya gia hupata moto; hewa na oili vilivyomo hupanuka na kusukuma nje. Ukisimama, mguu ungali ndani ya maji baridi, vilivyopanuka hunywea, na ile nyufa iliyotoa oili huvuta maji. Hivyo oili hupungua na maji huongezeka kila safari, na mwenyewe hajui, kwa sababu nyumba imejaa daima. Maji hayalainishi gia. Hula uso wa beringi, na mashine ikiwekwa bila kazi baada ya msimu wa mavuno, kutu hufanya kazi usiku na mchana. Maji ya chumvi huharibu upesi kuliko maji ya ziwa, lakini asikuambie mtu kwamba maji ya ziwa hayana neno.

Kipimo ni hiki. Kwanza ondoa waya za plagi, ili injini isiweze kuwaka ukiigeuza rafadha kwa mkono. Watu wamekatika vidole kwa kulisahau hili. Iache mashine wima usiku mmoja ili maji, yaliyo mazito kuliko oili, yashuke chini. Asubuhi weka bakuli safi, ulegeze kidogo skrubu ya chini ya oili, bila kuitoa. Yakitangulia maji kabla ya oili, umekwisha pata jibu. Kisha toa skrubu ya chini, halafu ya juu ili hewa iingie, na oili yote ishuke.

Uwe na hadhari hapa. Katika mashine kadhaa za zamani za Johnson na Evinrude, karibu na skrubu ya oili iko nyingine ya kichwa cha msalaba ambayo hushikilia kifaa cha kubadilishia gia ndani. Ukiitoa hiyo, kifaa huachia, na kukirudisha ni lazima kufungua mguu. Skrubu ya oili ndiyo ile pana, yenye mfereji mmoja na washa chini ya kichwa chake.

Itazame oili iliyotoka, katika mwanga. Ikiwa ya rangi yake na safi, lakini imepungua, sili zavuja kidogo au washa imechoka. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia na kusukwa. Ikiwa nyeusi na kunuka kuungua, imetumika kupita kiasi. Vumbi la chuma laini kama majivu, lililonata kwenye ncha ya skrubu yenye sumaku, si jambo la kuogofya. Lakini ukikuta vipande vinavyochoma kidole, gia au beringi inavunjika, na hapo ni kazi ya fundi mwenye vyombo.

Sasa uanze na kilicho rahisi. Washa za skrubu mbili za oili ni kitu cha kutumika mara moja tu: zikisha kubanwa, zimejikunja kwa sura ya mahali pale, na zikirudishwa hazizibi sawasawa. Sehemu kubwa ya mivujo midogo huponywa kwa washa mbili mpya.

Kisha ondoa pini na nati, uvute rafadha nje. Nyuma yake, kwenye mhimili, mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni au uzi wa nyavu umejizungusha na kubanwa kama kamba ya pia. Uzi huu hukata mdomo wa sili kama wembe. Maji yetu yamejaa nyavu zilizotupwa, kwa hiyo kuivua rafadha kila mwezi na kusafisha mhimili ni kazi ya dakika kumi iokoayo gia nzima. Usikate uzi kwa kisu kuelekea ndani. Utaikata sili wewe mwenyewe. Uufungue kwa kuuzungusha.

Litazame na pezi la chini pia, pamoja na mgongo wa nyumba ya gia. Mashine iliyogonga mwamba yaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao huonekana tu unga unapolowa.

KIPIMO CHA UPEPO

Ikiwa washa ni mpya, mhimili ni safi, na bado oili ni ya maziwa, kiko kipimo kiwezacho kuonyesha mahali penyewe pasipo kukisia. Vyombo vyake ni pampu ya baiskeli, geji ya upepo isomekayo vizuri kuanzia chini, kipande cha mpira wa bomba, na nati yenye tundu iliyochongwa na fundi ikae badala ya skrubu ya juu ya oili. Pipa la maji nalo lahitajiwa.

Mwaga oili yote, funga skrubu ya chini kwa washa mpya, unganisha pampu kwenye tundu la juu. Tia upepo kidogo kidogo hata geji isome ratili 10 kwa inchi ya mraba, yaani 0.7 ya bar. Gurudumu la baiskeli huhitaji mara nne ya hapo au zaidi. Basi pampu iendeshe kwa mkono mwepesi. Ukizidisha mno, sili nzima hung'oka mahali pake, nawe utakuwa umeumba ugonjwa mpya. Tumbukiza mguu katika pipa, ungoje dakika tano, na muda huo uizungushe rafadha pole pole, uusukume na kuuvuta mhimili wake, kwa sababu zipo sili zinazoziba zikitulia na kuvuja zikichezeshwa.

Mapovu yatokayo kuuzunguka mhimili wa rafadha ni ya sili za nyuma. Yatokayo penye ukingo wa kile kifuniko kikubwa cha nyuma ya rafadha ni ya pete yake ya mpira. Yakipanda kutoka kwa fimbo ya gia, ile nyembamba ishukayo mbele, sili yake ndogo ndiyo iliyokwisha, na hiyo husahauliwa na mafundi wengi. Yakitoka juu, chini ya pampu ya maji, ni sili za mhimili mrefu. Hizi ndizo zivujazo mashine ikiinama, na kuzifikia ni lazima kuutenga mguu na kuivua pampu ya maji. Ukifika hapo, weka na mpira mpya wa pampu, maana njia umekwisha ilipia.

Geji isiposhuka, wala povu lisionekane, nyumba ni nzima. Hapo tazama kama mwenye kukuuzia mashine hakuijaza oili iliyokuwa na maji tayari.

JUU YA SILI

Sili ni pete ya chuma yenye mdomo wa mpira. Mara nyingi huwekwa mbili, moja imeelekea ndani kuzuia oili, nyingine imeelekea nje kuzuia maji. Kabla ya kuzitoa, ziandike au uzichore: ipi ya kwanza, na mdomo umeelekea wapi. Fundi mwenye haraka huzirudisha zote upande mmoja, na mashine hurudi kwake baada ya mwezi.

Huhitaji daima sili yenye jina la mtengenezaji, na hili lafaa kujulikana, kwa kuwa mashine nyingine hazitengenezwi tena; Evinrude, kwa mfano, zilikoma 2020. Pima kwa milimita upana wa tundu la ndani, upana wa nje, na unene, au usome tarakimu zilizopigwa juu ya sili yenyewe. Sili iliyoandikwa 20, 35 na 7 hupatikana katika duka la beringi, hata kama haikutengenezwa kwa ajili ya mashua. Chagua yenye mdomo mara mbili na kispringi kisichoshika kutu.

Pitisha ukucha juu ya mhimili mahali mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukinasa katika mfereji, sili mpya haitadumu mahali pale pale. Mpe fundi neno hili, aisogeze sili kwa unene wa shilingi, mbele au nyuma, ili mdomo ukae juu ya chuma kisichoumwa. Mdomo upakwe grisi kabla ya kuingizwa.

Kuna tiba mbili tuzionazo mara kwa mara, nazo hazifai. Moja ni kupaka gundi kwa nje. Gundi haishiki juu ya chuma chenye oili, na mhimili wenyewe hauwezi kugundishwa, maana huzunguka. Nyingine ni kujaza grisi mahali pa oili ili isivuje. Ni kweli haivuji. Lakini gia huirusha pembeni, nayo haina wepesi wa kurudi, hivyo meno hubaki makavu katikati ya grisi tele. Zilikuwako mashine za kale sana zenye mpango mwingine, kama nyingi za British Seagull zilizotengenezwa Uingereza mpaka 1996, ambazo hutumia oili nzito ya SAE 140 na kupitisha kidogo daima. Mwenye mashine ya namna hiyo huongeza oili mara kwa mara, basi. Lakini mashine yenye sili yataka sili.

Ukiisha kutengeneza, jaza oili ya gia ya mashine za majini, SAE 90 au 80W-90. Oili huingizwa kwa tundu la chini, ikipanda polepole na kuisukuma hewa, hata itokee tundu la juu pasipo mapovu. Funga skrubu ya juu kwanza, ungali umeshikilia mrija chini, kisha uondoe mrija na kufunga ya chini upesi. Mtu ajazaye kutoka juu hufungia hewa ndani, akadhani amejaza, kumbe nusu ni tupu. Baada ya hapo badilisha oili hii kila saa 100 za kazi, au kila miezi sita.

UPANDE WA JUU

Oili iliyo juu, chini ya kofia ya mashine, karibu daima ni mchanganyiko wa petroli, nayo ni hatari ya moto kabla ya kuwa hatari ya kuharibika. Usiitafute kwa kibiriti wala kwa taa ya utambi.

Anzia mipira ya petroli na maungio yake. Mpira ulioshupaa, wenye nyufa, au unaotoa jasho ukiminywa, utupwe. Kabureta ikimwaga hata injini ikiwa imezimwa, sindano yake haikai vizuri, au kielea kimejaa petroli. Kitikise karibu na sikio, utasikia.

Oili ikiwa imerushwa katika duara chini ya gurudumu zito la juu, mafundi huliita flaiwili, sili ya juu ya mhimili mkuu imekwisha. Ikilowa chini, mahali injini inapokalia mguu, shuku sili ya chini. Msomaji asiipuuze sili hii kwa kuwa inavuja kidogo. Katika injini ya mapigo mawili tumbo la injini ndilo livutalo petroli, na penye kutoka oili hupenya hewa. Hewa ikizidi, petroli na oili hupungua katika mchanganyiko, na pistoni hukauka, hupata moto, hatimaye hukwama. Dalili yake ni injini isiyotulia ikienda polepole, izimikayo ovyo, na iongezayo mbio bila kuguswa.

Ama moshi mwingi na oili nyingi nyeusi kutoka njia ya moshi, fungua plagi uzilinganishe. Plagi moja ikiwa imelowa na nyingine kavu ya rangi ya kahawia, silinda ile iliyolowa haiwaki, na mchanganyiko wake wote hupita kwenda majini. Badilisha plagi kabla ya kufikiri jambo lingine. Zote zikiwa zimelowa, angalia choki kama haikubaki imefungwa, kisha jiulize ulivyochanganya. Mashine ya kipimo cha 50 kwa 1 hutaka mililita 400 za oili katika lita 20 za petroli. Ile ya 25 kwa 1 hutaka mililita 800. Johnson na Evinrude za kabla ya 1964 zilitaka 24 kwa 1, na kwa hiyo moshi wao ni mwingi kwa asili. Usipunguze oili ili kupunguza moshi. Wala usitumie oili ya bodaboda: injini ipozwayo kwa maji yataka oili yenye alama TC-W3.

Mashine za mapigo manne, ambazo nazo zimeanza kuzeeka mikononi mwetu, zina birika la oili na kijiti cha kupimia. Kwazo neno ni fupi. Oili ikipanda juu ya alama bila kuongezwa, petroli au maji yameingia, usiendeshe. Na ukiilaza, ilaze upande ulioonyeshwa na mtengenezaji, la sivyo oili huingia katika silinda.

SHEHENA NA OILI CHAFU

Mchele, unga na dagaa hunyonya harufu. Gunia moja lililolala juu ya maji ya mashuani yenye oili hushusha bei ya shehena nzima, kwa kuwa mnunuzi akinusa moja huyashuku yote. Tandika vibao sakafuni, magunia yawe mbele, tangi la petroli nyuma, na maji ya mashuani uyanyonye kwa matambara kabla ya kupakia.

Oili uliyoimwaga usiitupe ziwani, wala penye kitalu, wala karibu na kisima. Watu wengine huipaka mifugo wenye kupe au vidonda. Imo ndani yake madini yaliyosagika na masizi yenye sumu, nayo hupenya ngozi. Mashina ya miti ya matunda pia yasipakwe. Iweke katika dumu lenye kifuniko, umpelekee fundi wa gereji akusanyaye, na matambara uliyopangusia uyakaushe mbali na nyumba, mbali na moto.

Andika katika daftari tarehe uliyojaza oili ya gia. Baada ya saa kumi za kazi, legeza skrubu ya chini asubuhi, kabla ya kuwasha, utazame matone mawili matatu. Yakiwa ya rangi ile ile uliyoitia, funga kwa washa mpya, uende zako. Yakiwa na weupe, hata kidogo, rudia kipimo cha upepo, na safari hii anzia sili za mhimili mrefu.